Kobero: barabara hubadilika upande, usukani hubaki palepale

MUYINGA. Mfanyabiashara anayetoka Ngara na gari dogo lenye mzigo hukamilisha uhamiaji na forodha kwenye kituo cha pamoja cha Kobero na Kabanga, kisha huwasha gari kuelekea Muyinga. Hapo ndipo kanuni inapogeuka. Tanzania magari hupita kushoto, Burundi hupita kulia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilichukuliwa na Waingereza na Urundi ikachukuliwa na Wabelgiji. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini barabara zimebaki na pande mbili: Kenya na Uganda kushoto, Rwanda na Kongo kulia.

Pale mpakani dereva huwa macho. Hatari huja asubuhi ya pili, anapotoka gesti ya Muyinga au kituo cha mafuta Gitega, barabara ikiwa tupu. Mazoea humvuta kushoto bila yeye kujua. Kwa mwenye usukani wa kulia, alama ni moja: Tanzania unakaa upande wa katikati ya barabara, Burundi unakaa upande wa mtaro. Jikumbushe hilo kabla ya kuachia breki ya mkono.

Magari mengi madogo ya Burundi nayo ni mitumba ya Japani yenye usukani wa kulia, hivyo tatizo la kuovateki ni la wenyeji na wageni. Ukiwa nyuma ya lori kwenye milima ya Karuzi, kati ya Muyinga na Gitega, huoni kinachokuja mbele. Usilikaribie. Kaa nyuma kabisa mpaka uione barabara mwenyewe. Abiria wa kushoto anaweza kukusaidia kutazama, lakini asikuamulie. Mzigo usizibe kioo cha kushoto, maana anayekupita atatokea huko. Kwenye kipilefti, ingia kulia, uzunguke kinyume cha mshale wa saa.

Usiku, taa za gari lililotengenezwa kwa kupita kushoto humulika zaidi kushoto, yaani machoni mwa anayekuja. Ukiweza, maliza safari kabla ya giza.

Kuegesha nako kuna mtego. Ukisimama kulia, wewe unashukia pembeni salama, lakini abiria wako anafungua mlango kwenye njia ya baiskeli zinazoteremka kwa kasi na mikungu ya ndizi. Mwambie asubiri, atazame nyuma, au ashukie upande wako. Kwenye mteremko vuta breki ya mkono, elekeza tairi za mbele ukingoni, kisha acha gari kwenye rivasi. Kama umeelekea juu, acha gia namba moja. Gari la otomatiki liweke P.

Kabla ya kuvuka, hakikisha una Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayowalipa watu wengine utakaowadhuru nje ya nchi yako. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini inashiriki mpango huo pamoja na Burundi. Kadi hiyo haitengenezi gari lako wala haifidii mzigo wako. Kwa mwenye mtaji wa gari moja, ajali moja inatosha kumtoa sokoni.