Elektroni 109 kwa Fotoni 100

Rekodi inayotajwa kwa mbwembwe kuliko zote kwenye utafiti wa sola, na inayoeleweka kidogo kuliko zote, iliwekwa MIT, Marekani, mwaka 2013. Seli yenye utando wa kemikali iitwayo pentasini, unene nanomita 15 tu, ilitoa elektroni 109 kwa kila fotoni 100 za mwanga mwekundu zilizoipiga. Sheria za fizikia hazikuvunjwa. Ukichenji noti ya elfu kumi ukapewa mbili za elfu tano, noti zimeongezeka ila hela ni zile zile.

Jambo hilo huitwa mpasuko wa singleti. Molekuli ikinyonya fotoni, hugawana nishati yake na jirani, kila moja ikabaki na takriban nusu. Kwa kasi pentasini ni moto wa kuotea mbali: humaliza kazi kwa femtosekunde 80 hivi. Tetrasini, ndugu yake, huhitaji maelfu.

Hata hivyo mwenza anayeifaa silikoni ya paneli za kawaida ni huyo wa polepole, tetrasini. Nusu ya pentasini, elektronivolti 0.86, haifikii 1.1 inayotakiwa na silikoni. Ya tetrasini, 1.25, inatosha na chenji inabaki. Mwanafizikia David Dexter alipendekeza ndoa hiyo mwaka 1979, na posa ikakaa miaka 40. Kikwazo kilikuwa mpakani, tetrasini inapokutana na silikoni. Mwaka 2019 kundi la mtafiti Marc Baldo, hapo hapo MIT, liliweka katikati tabaka la oksinitridi ya hafniamu lenye unene wa nanomita 0.8, yaani atomi chache tu. Likizidi unene, nishati haivuki. Likikosekana, uso wa silikoni unabaki bila kinga. Kwangu, wembamba huo ni ushindi mkubwa kuliko ile 109.

Halafu kuna rekodi ya chini, ambayo watangazaji huiruka: seli ile ya 2013 iligeuza asilimia 1.8 tu ya nishati ya jua kuwa umeme. Silikoni peke yake, kwenye maabara, imeshapita 27. Kinachowavuta watafiti ni dari ya ufanisi. Wanafizikia Shockley na Queisser, mwaka 1961, walionyesha kwamba seli ya tabaka moja haina budi kupoteza ziada ya fotoni za buluu kama joto, na dari hiyo leo hukadiriwa kuwa karibu asilimia 33.7. Mpasuko, kwenye karatasi, huivusha 40.

Paneli ya dukani huuzwa na dhamana ya miaka 25. Tetrasini huharibiwa na mwanga ukikutana na oksijeni, kwa hiyo nafasi ya rekodi ya uimara naiacha wazi.