Turbo na supachaja: Ni nani anayelipia pumzi ya injini?

Gari dogo litokalo Bofa, mjini Kilifi, kuelekea Mombasa hukabiliwa na mitihani kadhaa kabla ya kukamilisha safari yake ya takriban kilomita 60. Kwanza hujikokota katika vijia vya mchanga vilivyo karibu na ufuo. Kisha huvuka daraja la Kilifi, na punde si punde hujikuta nyuma ya lori lililosheheni mizigo, dereva akikodoa macho kutafuta mwanya wa kulipita.

Ni katika mwanya huo ambapo dereva hutambua iwapo injini yake ina nguvu au la. Sekunde mbili tu huweza kutenganisha kulipita lori kwa usalama na kukutana ana kwa ana na basi linalokuja kwa kasi.

Kwa sababu hiyo, wengi wanaonunua magari yaliyotumika yanayoteremshwa katika bandari ya Mombasa huvutiwa na maneno mawili: turbo na supachaja. Baadhi ya wauzaji huyatamka kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na asiyeifahamu tofauti huenda akailipia kwa injini nzima.

Kazi moja, njia mbili

Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta, nayo mafuta hayachomeki bila hewa. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuteketeza kikamilifu kilo moja ya mafuta. Kumimina mafuta zaidi ndani ya silinda bila kuongeza hewa ni kazi bure. Matokeo yake ni moshi mweusi na hasara kwenye kituo cha petroli.

Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe kila pistoni inaposhuka. Haiwezi kupata zaidi ya kile kinachoingizwa na shinikizo la hewa iliyo nje. Mhandisi anayetaka nguvu zaidi basi ana njia mbili: aunde injini kubwa, au aisukumie injini ndogo hewa iliyoshindiliwa.

Turbo na supachaja zote huifuata njia hiyo ya pili. Zote ni pampu za hewa. Swali ni moja tu: ni nani anayeizungusha pampu hiyo?

Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, aghalabu kwa mshipi uliofungwa kwenye puli ya krenki. Mfano wake ni mivukuto ya mhunzi. Makaa huwaka kwa ukali, lakini sharti mtu atokwe na jasho akiivuta na kuisukuma. Madereva wa pwani wanaijua hali hii kwa njia nyingine pia. Mtu awashapo eyakoni huku akipanda mlima, gari hulegea kwa sababu kompresa hula sehemu ya nguvu za injini. Supachaja nayo hula kabla ya kulisha, ingawa kile inacholisha ni kingi kuliko inachokula.

Turbo haitegemei mshipi wowote. Huzungushwa na moshi unaotoka ndani ya silinda kuelekea ekzosi. Moshi huo una joto na kasi ambavyo vingepotea hewani. Hulipiga gurudumu la mapanga lililo upande mmoja wa mhimili, na gurudumu jingine lililo upande wa pili likashindilia hewa safi na kuiingiza kwenye injini.

Hapa mfano mwafaka ni tanga la mashua. Upepo ulikuwa ukivuma vivyo hivyo. Kilichofanyika ni kuutegea kitambaa. Hata hivyo, upepo huu si wa bure kabisa, kwa maana mapanga hayo huuzuia moshi kidogo usitoke kwa urahisi. Lakini gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya mshipi, na ndiyo maana turbo husifiwa kwa kubana matumizi ya mafuta.

Historia yake

Vifaa hivi si vigeni. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walisajili hataza ya pampu yao ya hewa mwaka wa 1860, kabla ya gari la petroli kuvumbuliwa. Baadaye muundo huo ulitumika katika supachaja nyingi. Kampuni ya Mercedes ilionyesha magari yake ya kwanza yenye kifaa hicho mwaka wa 1921.

Turbo nayo ilitokana na kazi ya mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, aliyesajili hataza yake mwaka wa 1905. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya kuingia katika magari ya kawaida ya abiria. Hilo lilitokea Marekani mwaka wa 1962, kupitia Oldsmobile na Chevrolet.

Wakenya walivishuhudia vifaa vyote viwili katika mashindano ya Safari Rally. Lancia 037, gari lililotumia supachaja, lilikuwa limeipa kampuni yake ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka wa 1983. Lakini katika Safari ya mwaka wa 1984, aliyeibuka mshindi ni Björn Waldegård wa Uswidi akiendesha Toyota Celica yenye turbo. Toyota iliendelea kushinda kwa gari hilo mwaka wa 1985 na wa 1986.

Lancia ilijibu kwa kuviunganisha vifaa hivyo katika gari moja, Delta S4, lililoshinda mashindano yake ya kwanza nchini Uingereza mwishoni mwa mwaka wa 1985. Supachaja ililisha injini ilipokuwa ikizunguka polepole, kisha turbo ikaipokea kazi kasi ilipopanda. Wahandisi hao walikuwa wamekiri kwamba kila kifaa kina ila yake.

Nguvu hufika lini?

Ila ya turbo ni kuchelewa. Injini inapozunguka polepole, moshi wake ni haba na mapanga hayana kasi. Dereva akikanyaga mafuta ghafla, hupita muda mfupi kabla moshi haujaongezeka na mapanga kushika kasi. Kisha nguvu huja kwa mkupuo.

Kwa dereva aliye nyuma ya lori kwenye barabara ya Kilifi kwenda Malindi, muda huo mfupi si jambo la mzaha. Anayelizoea gari lake hujifunza kurudisha gia na kuipandisha injini kasi kabla ya kutoka kwenye msururu. Asiyelizoea hutoka kwanza, akakanyaga, na kugundua kwamba nguvu alizozitarajia bado ziko njiani. Turbo za kisasa zimepunguza sana kuchelewa huko, lakini katika magari ya zamani ungali unahisika.

Supachaja haina kasoro hiyo. Kwa kuwa imefungamana na injini, hewa huongezeka pale pale mguu unaposhuka. Mfano ulio karibu na wasomaji ni Nissan Note, gari dogo ambalo limeenea katika miji ya Kenya. Toleo lake la DIG-S, lililoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2012, lina injini ya lita 1.2 yenye silinda tatu na supachaja. Injini hiyo hutoa nguvu za farasi 98, ilhali ile ya ukubwa huo huo isiyo na supachaja hutoa 79. Ili kifaa hicho kisile mafuta bure, kina klachi inayokitenga na injini wakati gari linapokwenda taratibu.

Walio na matoleo hayo mawili hawana budi kujua ni lipi wanalolimiliki. Anayetafuta vipuri bila kujua huenda akarejea nyumbani na vifaa visivyoingia.

Kutoka ufuoni hadi milimani

Tofauti nyingine hujitokeza gari linapoiacha pwani. Bofa iko usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kubwa. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, shinikizo hupungua na kusalia zaidi kidogo ya asilimia 80 ya lile la Kilifi. Kule Timboroa, penye kimo cha zaidi ya mita 2,700, hupungua kwa zaidi ya robo. Injini inayojivutia hewa yenyewe hulemewa kadiri inavyopanda.

Supachaja hushindilia hewa kwa kiwango kinachofuata kasi ya injini. Ikipewa hewa haba, nayo hutoa haba, japo bado huishinda injini ya kawaida. Turbo ina hila zaidi. Ina kilango kidogo kinachoruhusu moshi wa ziada upite kando ya mapanga. Milimani kilango hicho husalia kimefungwa kwa muda mrefu zaidi, mapanga yakazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Hii ni mojawapo ya sababu za malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda kutumia injini za dizeli zenye turbo.

Kwa wakazi wa Kilifi, adui si kimo bali joto. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa moto huwa nyepesi. Basi magari mengi yenye vifaa hivi huwa na kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, kilichowekwa mbele karibu na rejeta. Mchanga na chumvi ya bahari huweza kuziba na kula mapezi yake membamba. Kukiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila kutumia mpira wa maji wenye nguvu za kuyapinda mapezi, ni kazi ndogo yenye faida kubwa kwa gari linalolala karibu na ufuo.

Kinachoua turbo

Mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ilhali injini nyingi za magari madogo hazivuki mizunguko 7,000. Isitoshe, upande wake mmoja hupigwa na moshi ambao katika injini ya petroli huweza kukaribia nyuzi 900 za selsiasi. Kinachouwezesha mhimili huo kustahimili ni utando mwembamba wa oili.

Oili hiyo ikichakaa au ikipungua, chuma hukutana na chuma. Vivyo hivyo, dereva akifika Bofa baada ya kuliendesha gari kwa kasi kutoka Mombasa na kulizima papo hapo, oili huacha kupita huku turbo ingali moto. Iliyobaki ndani huungua na kuacha masizi yanayoziba vijia vyake. Magari mengi ya kisasa hupoza turbo kwa maji pia, lakini desturi ya kuiacha injini ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima haijapitwa na wakati.

Dalili za maradhi ni bayana kwa mwenye kuzingatia. Moshi wa buluu huashiria kwamba oili inaungua, na huenda inapenya kupitia turbo. Moshi mweusi unaoambatana na ulegevu huweza kuwa ishara ya mpira wa hewa uliopasuka. Mlio wa mluzi unaozidi kuwa mkali huonyesha kwamba mhimili umelegea.

Kupuuza dalili hizo ni hatari, hasa katika injini za dizeli. Turbo ikivujisha oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini huweza kuichoma kama mafuta na kuendelea kuunguruma kwa kasi ya kutisha hata baada ya ufunguo kuzimwa. Aghalabu injini ya namna hiyo haisalimiki.

Supachaja haikabiliwi na moto wa ekzosi, hivyo mateso yake ni machache. Hata hivyo, mshipi wake huchakaa, beringi zake hulia, na nyingi zina oili yake maalumu ambayo wamiliki wengi hawajui kwamba ipo.

Uamuzi wa mnunuzi

Turbo ndiyo iliyotamalaki. Mercedes, iliyojivunia neno 'Kompressor' mgongoni mwa magari yake, ilianza kuigeukia turbo katika injini zake ndogo za petroli mwishoni mwa muongo wa 2000. Karibu pikapu na malori yote mapya ya dizeli hutumia turbo.

Lakini hilo halimlazimu kila mtu. Anayezunguka Kilifi mjini pekee, akienda sokoni na kurudi, huenda akatosheka na injini ya kawaida isiyo na kifaa chochote cha kuharibika. Anayesafirisha mizigo hadi bara atafaidika na turbo, almuradi awe tayari kununua oili ifaayo na kuibadilisha kwa wakati. Anayetaka wepesi wa papo hapo katika gari dogo atafurahia supachaja, akikubali kulipa kidogo zaidi kwenye mafuta.

Wasiostahili kuungwa mkono ni vijana wanaopachika turbo kwenye injini isiyoundwa kwa ajili yake. Pistoni, gasketi na mfumo wa mafuta wa injini hiyo havikuandaliwa kubeba shinikizo hilo, na raha ya wiki chache huishia kwenye gereji.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi aombe injini iwashwe ikiwa baridi, atazame moshi, asikilize mlio, na avute kijiti cha oili auone uzito na rangi yake. Fundi amwaminiye amsaidie kukagua mhimili au mshipi. Nusu saa hiyo humwepusha na majuto ya miezi mingi, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.