Istilahi Tatu za Uhifadhi Mkoani Mara

Mfasiri wa nyaraka za uhifadhi katika wilaya za Tarime na Serengeti hukutana na maneno matatu yanayotatanisha: hifadhi, ushirikishwaji na upatanisho. Yafaa tuyaeleze, kwa kuwa neno likikosewa, haki ya mwanakijiji yaweza kupotea pamoja nalo.

Hifadhi. Wilayani Serengeti aina tatu za ardhi zapakana. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, makazi, kilimo na uwindaji ni marufuku. Katika mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, ya mwaka 1994, sheria huruhusu uwindaji kwa kibali. Ya tatu ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, jina litokanalo na Ikoma na Nata. Humo ardhi ni ya vijiji, kikiwamo Robanda, navyo hupata sehemu ya mapato ya utalii. Anayeziita zote “hifadhi” bila kufafanua humfanya mwenye ardhi aonekane mvamizi.

Ushirikishwaji. Kiambishi -ish- katika “shirikisha” chaonyesha kuwa yupo mwingine anayemwingiza mwanakijiji katika shughuli. Kwa hiyo “uhifadhi shirikishi” wafaa pale serikali inapotangulia. Lakini magharibi mwa Serengeti, mahali pa emisambwa, yaani mizimu ya nchi, palilindwa na wazee kabla ya sheria hizi zote. Hapo mwenyeji hakushirikishwa, ndiye aliyeanza. Pa namna hiyo tuseme “uhifadhi unaoongozwa na wenyeji.” Kwa upande wa maji, kando ya Mto Mara, Sheria ya mwaka 2009 imetupa istilahi nzuri: “jumuiya ya watumiaji maji.”

Upatanisho. Usuluhishi huhitaji msuluhishi, na upatanisho huhitaji mpatanishi. Maridhiano, kwa kiambishi -an-, hudai kila upande uridhie, kama neno hilo lilivyotumika Zanzibar mwaka 2009 na 2010. Mkoani Mara, mjukuu huitwa jangili kwa kazi ambayo babu yake aliitwa mwindaji; na wanyamapori, hata walio katika ardhi ya kijiji, wangali mali ya umma mikononi mwa serikali. Mgawo wa mapato peke yake, basi, usiitwe maridhiano.

Twapendekeza mfasiri ajiulize kwanza: ardhi ni ya nani, nani ameamua, na nani ameridhia? Akishajibu, ndipo achague neno.