Maziwa ya Ngamia na Tumbo la Mgeni

Mgeni akinywa kikombe cha kwanza cha maziwa ya ngamia mjini Isiolo, kisha tumbo likaanza kunguruma, huambiwa kwa kicheko: yanakusafisha. Hakuna kilichosafishwa. Maziwa hayo yana laktosi, ile sukari ya maziwa, karibu sawa na ya ng'ombe: gramu 4 hadi 5 kwa kila gramu 100. Mwili wenye upungufu wa kimeng'enya cha laktesi huiacha sukari hiyo ishuke hadi utumbo mpana, ivute maji, na bakteria waigeuze gesi. Basi anayekuuzia kwa kudai kwamba maziwa ya ngamia hayana laktosi anakudanganya, japo huenda naye alidanganywa.

Lakini upungufu huo si ugonjwa. Takriban thuluthi mbili ya watu duniani hupungukiwa na laktesi wanapokua. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya wafugaji wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao la jeni linalowaachia laktesi hadi utu uzima, tofauti na la Wazungu, lililozuka kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita. Mwenyeji anayemcheka mgeni huenda anaringia urithi wa babu tu.

Ujanja wa kulituliza tumbo uko kwenye susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochacha. Maziwa huwekwa katika chombo kilichofukizwa moshi, yakaachwa yachache siku moja au mbili. Bakteria hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, na tumbo likapunguziwa kazi. Wanawake wa ushirika wa Anolei, wanaouza maziwa ya ngamia hadi Nairobi, wanaijua susa.

Hata hivyo, kuchacha pekee hakuyafanyi maziwa kuwa probiotiki. FAO na WHO mwaka 2001 zilisema probiotiki ni vijidudu hai vinavyoleta faida ya kiafya vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha. Susa ya nyumbani huchachushwa na chochote kilichomo, na watafiti wameikuta na Streptococcus infantarius, jamaa wa bakteria wanaoshukiwa kuleta maradhi. Maziwa mabichi nayo huweza kubeba bakteria wa brusela. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo uchachushe kwa kimea safi, yaani bakteria wa kuchachushia. Ukichemsha susa iliyokwisha kuiva, umewaua bakteria wote, wazuri kwa wabaya.

Na mtoto akivimba midomo au kutokwa vipele baada ya kunywa maziwa, huenda huo ni mzio wa protini, wala si laktosi. Usimpe susa. Mpeleke hospitali.