'Niongezee sauti': Ombi moja, maana tatu

NILIKUWA kwenye harusi majuzi pale mwimbaji alipomgeukia fundi wa mitambo katikati ya wimbo na kumwambia, "Boss, niongeze sauti kidogo." Fundi akaongeza. Spika zikapiga mluzi mkali, wageni wakaziba masikio, na mwimbaji akabaki amekunja uso vilevile. Nilipomdadisi baadaye, alisema shida yake ilikuwa kwamba kinanda kilimmeza. Alitaka tu kujisikia.

Kwa maoni yangu, hitilafu hiyo ilikuwa ya lugha kabla ya kuwa ya mitambo. Nomino 'sauti' hubeba mizigo mingi. Ni ile itokayo kooni, ni mlio wowote ule, na ni kiwango cha mlio huo, ndiposa twasema 'punguza sauti ya redio'. Basi ombi la mwimbaji laweza kumaanisha: waongezee wageni sauti yangu, niongezee mimi sauti yangu katika spika ya jukwaani, au pandisha kila kitu kinachotoka katika spika hiyo. Na 'niongeze' isiyo na kauli ya kutendea inatatanisha zaidi, kwani fundi aliyeinamia mitambo aweza kudhani anaombwa ruhusa.

Miksa hupokea maikrofoni na ala zote, kila moja kwenye chaneli yake, kisha hutengeneza michanganyiko kadhaa. Mmoja huenda kwa hadhira. Mingine huenda kwa wanamuziki, kila mmoja kwenye mkondo wake, hadi kwenye monita iliyo miguuni pake au spika ndogo za masikioni. (Kwa Kiingereza, mkondo huo huitwa kwa neno lilelile la basi la abiria, ambalo asili yake ni Kilatini, 'kwa wote'. Sisi twautumia kwa mtu mmoja!) Miksa ya kidijitali kama Behringer X32 ina mikondo 16 ya aina hiyo, kwa hivyo hakuna sababu ya mpiga gitaa na mwimbaji kugombania mmoja.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Feda, yaani kile kijiti cha kuteleza, humsaidia fundi kurekebisha wanachosikia wageni. Mkondo wa mwimbaji ukichukuliwa baada ya feda, fundi akimpunguza mwimbaji ukumbini, mwimbaji naye anapotea masikioni mwake mwenyewe. Ukichukuliwa kabla ya feda, mambo ya ukumbi hayamgusi. Kwa monita, chagua kabla ya feda. Hata hivyo, kiwango cha kuingilia, kile kinachopangwa mwanzo kabisa maikrofoni inapojaribiwa, kwa kawaida hutumiwa na michanganyiko yote. Fundi akikigusa wimbo ukiendelea, kila mtu atashtuka.

Mchanganyiko wenyewe uanze mtupu. Weka kwanza sauti ya mwimbaji. Kisha ala ya kumshikia ufunguo, aghalabu kinanda au gitaa, halafu kitu cha kumshikia mwendo, kama ngoma. Hapo simama, umwache aimbe. Waimbaji wengi hutaka wasikie bendi nzima kama vile wako nyumbani wakisikiliza albamu, na hapo ndipo vita vya kuongeza huanza: sauti juu, kinanda juu, sauti juu tena, mpaka maikrofoni inanasa mlio wa monita na kuurudisha kwenye monita hiyohiyo. Huo ndio mluzi tuliousikia. Dawa yake ni kitenzi kingine, kupunguza. "Nipunguzie kinanda kwenye monita yangu" inataja nani, nini na wapi, na haiongezi mlio wowote jukwaani.

Masikio nayo yana kipimo. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, hupendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hukatwa nusu. Kwenye 88 ni saa 4. Kwenye 100 ni dakika 15 pekee, ambazo ni nyimbo tatu au nne hivi. Anayevaa spika za masikioni aanzie chini kabisa, na fundi aweke kizuizi cha kilele kwenye mkondo wake, kwa sababu maikrofoni ikianguka, kishindo chake huingia moja kwa moja sikioni.

Siku hizi mwanamuziki aweza kujipangia haya yote kwa simu, kupitia programu ya miksa na wifi. Hapo hamwombi mtu chochote. Lakini aangalie kwanza ni mkondo gani ameufungua: akiingia kwenye mchanganyiko wa hadhira, atajiongezea sauti mbele ya ukumbi mzima, na yeye mwenyewe asisikie tofauti yoyote.