Mfarishi wa Viraka Wafaa Nyumba ya Askari

Askari na polisi wakaao Bujumbura wanajua vyema kwamba nyumba waliyo nayo leo huenda wasiwe nayo mwaka ujao. Amri ya uhamisho ikishatoka, viti huuzwa kwa bei ya kutupa, na jamaa huondoka na vile tu vinavyoenea garini. Kwa sababu hiyo wengi hukata shauri kwamba kupamba nyumba ni kazi ya mwenye kiwanja chake, nao huziacha kuta na vitanda vitupu. Shauri hilo huwanyima watoto raha ya nyumbani, wala si la lazima. Liko pambo linalokunjwa, likafungwa kamba na kuchukuliwa begani: nalo ni mfarishi, yaani shuka nzito ya matabaka ya nguo yaliyoshonwa pamoja.

Mabingwa wa kazi hii ni akina mama wa Bara Hindi. Huko Bengali hukusanya sari zilizochakaa, huzipanga tabaka juu ya tabaka, na kuzishona kwa bandi fupi fupi; zamani hata uzi ulichomolewa katika pindo za sari hizo hizo. Kazi hiyo huitwa kantha, na ile iliyotiwa maua na wanyama huitwa nakshi kantha. Msomaji atalitambua neno nakshi, kwani asili yake na ya neno letu ni moja, nayo ni Kiarabu. Katika Gujarat, Rajasthan na Sindh, ambayo leo imo Pakistan, hushonwa ralli, yenye vipande vya rangi kali vilivyopangwa kwa miraba na pembetatu.

Lakini fundi aliye karibu zaidi nasi ni Msidi. Wasidi wa jimbo la Karnataka ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao wakiwa watumwa wa Wareno huko Goa. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Watu ambao wazee wao walinyang'anywa kila kitu wameyageuza matambara kuwa fahari ya nyumba zao.

Sisi nasi hatuko mbali na nguo za India. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walikuwa wakilipia njia yao kwa nguo, na miongoni mwake ilikuwamo kaniki kutoka India. Baadaye wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka Usumbura, na mpaka leo mjini Bujumbura kuna mtaa uitwao Asiatique.

Kushona kawandi hakuhitaji meza wala cherehani. Vitenge vilivyochakaa, mashuka ya mitumba na vipande vinavyobaki kwa mafundi wa Buyenzi vyatosha. Kwanza vifuliwe na kuanikwa, kila rangi kali peke yake, ili visije vikachujia vingine. Kisha hutandikwa kitambaa kizima cha chini. Mshonaji huanza ukingoni: huweka kipande, hukunja pindo lake, hupiga bandi kupita matabaka yote, halafu huweka cha pili kando yake, akizunguka hivyo kuelekea katikati mpaka pote pajae. Mwishowe kila pembe hutiwa kitambaa kidogo kilichokunjwa, kiitwacho phula, maana yake ua. Kazi yaweza kuachwa jioni na kuendelezwa kesho, jambo lifaalo nyumba ambayo mmoja wa wazazi yuko zamu usiku.

Katika kupamba, kiasi ni bora kuliko wingi. Chumba chenye mfarishi wa rangi nyingi kiwe na pazia la rangi moja, nayo iwe imo katika mfarishi huo. Vipande vilivyosalia vivishwe mito ya viti. Atakaye kuutundika ukutani ashone mfuko mwembamba upande wa juu na kupitisha fimbo. Misumari miwili yatosha, na ukuta wa serikali hautaharibika. Jambo moja lisisahauliwe: sare ya kazi, hata ikichakaa, isikatwe viraka. Hiyo si nguo ya nyumbani, na kipande chake kikipotea chaweza kuangukia mikono mibaya.

Bujumbura, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, ina joto. Matabaka mawili yanatosha. Uhamisho ukimpeleka mtu milimani, Mugamba au Bururi, ambako usiku una baridi, mfarishi uliokuwa pambo la ukuta utateremshwa uwe blanketi, na tabaka la tatu laweza kuongezwa.

Mtoto wa askari hubadilisha shule, marafiki na njia ya kwenda dukani bila kuulizwa. Usiku wa kwanza katika nyumba ngeni, akijifunika nguo ile ile yenye kiraka cha kitenge cha mama na cha shati la baba, atajua kwamba amefika kwao.