Fahamu: Je, ukihamisha kibao cha namba, tochi ya trafiki haikupati?

Vijiweni madereva huambizana kwamba kibao cha namba kikishushwa au kusogezwa pembeni, tochi haisomi. Ukweli ukoje?

Tochi ya leza hutoa mipigo ya mwanga usioonekana kwa macho, mamia kila sekunde. Mwanga hugonga gari na kurudi, na kifaa hupima muda wa safari hiyo. Gari likiwa mita 300, mwanga huenda na kurudi kwa takriban sehemu 2 za milioni za sekunde. Kila mpigo unaofuata huonyesha umbali umepungua kiasi gani. Hapo ndipo kasi hupatikana.

Kibao kinaingiaje? Uso wake umetengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo maana hung'aa usiku kikimulikwa, na ndiyo maana askari hukilenga. Lakini mwale hutanuka: kwenye mita 300 hufunika karibu mita 1. Taa za mbele na bodi navyo hurudisha mwanga.

Kwa hiyo, gari jeusi lisilo na kibao mbele, jambo linaloruhusiwa Florida, Marekani, huenda likasomeka likiwa limekaribia zaidi. Kasi yenyewe haibadiliki. Kinachoipunguza kidogo ni pembe: askari akisimama pembeni kwa nyuzi 10, gari la kilomita 80 kwa saa husomeka 79 hivi.

Kuhamisha kibao, basi, hakukuokoi na tochi. Kupunguza mwendo ndiko kunakokuokoa.